Bastola ya jeshi ya bei chee: hatua za kuamua kabla hujatoa hela

Kuna video zinazopendwa sana na wanaume wa umri wangu. Mmarekani anafungua boksi, anafunua karatasi yenye grisi, anatoa Tokarev au Makarov iliyowahi kutumikia jeshi fulani la Ulaya Mashariki, anataja bei ndogo ya kushangaza, kisha anakwenda kupiga makopo shambani kwake. Mnunuzi wa mahindi pale Kibaigwa, mkoani Dodoma, anaitazama usiku, mauzo ya siku yakiwa bado kwenye droo kwa sababu benki ilishafunga. Asubuhi anaanza kuuliza: hivi sisi hatuwezi kupata kitu kama kile?

Jibu fupi ni kwamba bastola halali Mtanzania anaweza kuimiliki kwa leseni, bastola ya jeshi ya bei chee ni habari nyingine kabisa, na wengi wanaouliza wana shida ambayo bastola haiitatui. Jibu refu nimelipanga kwa hatua. Zifuate kwa mpangilio huu huu, maana hatua moja ikikukwamisha huna haja ya kwenda inayofuata.

Hatua ya kwanza: sema itafanya kazi gani

Chukua karatasi uandike sentensi moja inayoanza na "Nataka bastola ili". Ukishindwa kuimalizia, acha hapo hapo.

Anayesema ni kwa ajili ya fisi wanaovamia zizi kule Bahi, au tembo wanaoingia mashambani Manyoni, amechagua chombo kisichofaa. Bastola ni silaha ya mita chache. Gizani, kwa fisi anayekimbia, hata mpigaji hodari anabahatisha. Tembo aliyejeruhiwa kwa kirisasi kidogo ni balaa kwa kijiji kizima, na kumpiga kwenyewe ni kosa. Tembo ripoti kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au kwa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Fisi malizana naye kwa boma lililozibwa sawasawa, miiba au wavu, na mbwa wanaolala nje. Sitarudi tena kwa wanyama.

Anayesema ni kwa ajili ya hela za biashara ana hoja nzito zaidi, na ndiye msomaji ninayemlenga. Fikiria wizi wenyewe unavyotokea. Wanaokuvizia ndio wanaochagua saa na mahali: unapofunga geti, unapoinama kuwasha pikipiki, unaposhuka kwenye gari na mfuko mkononi. Wako wawili au watatu, na mmoja wao huenda anakufahamu. Wewe bastola iko kiunoni chini ya shati, au iko nyumbani kwenye sefu. Sekunde za kuifikia huna. Zaidi ya hapo, mtaa ukishajua kwamba una bastola, nayo inakuwa kitu cha kuibiwa, tena chenye thamani kwao kuliko hela uliyobeba.

Kwa hiyo kabla ya silaha, punguza fedha taslimu. Wakulima uwalipe kwa simu au benki kadiri wanavyokubali. Peleka mauzo benki mchana, usisubiri jioni. Badilisha saa na njia, usitembee peke yako, na usimtume kijana yule yule kila Ijumaa. Kama biashara ni kubwa, piga hesabu ya kampuni ya ulinzi yenye leseni; SUMA JKT Guard ni mfano wa wanaotoa walinzi wenye silaha na mafunzo, na hapo mzigo wa kutunza bunduki unakuwa wa kwao. Wakala wa fedha kwa simu aliyepo Majengo au Sabasaba atapata usalama mwingi zaidi kwa dirisha la nondo, kamera, na mazoea ya kufunga kabla ya giza.

Ukishafanya hayo yote na bado kuna fedha ambazo ni lazima uzibebe mwenyewe, au unaishi peke yako shambani mbali na kituo cha polisi na umeshavamiwa, basi sentensi yako imesimama. Itunze hiyo karatasi, utaihitaji kwenye maombi.

Kuna na wa tatu, mpenda historia, anayetaka tu kushika kitu kilichopita vita baridi. Huyo ninamwelewa, na mimi nina ugonjwa huo huo. Marekani wana leseni maalumu kwa wakusanyaji wa silaha za kale, na silaha iliyotimiza miaka 50 inaingia humo. Ndiyo maana video zile ni nyingi. Hapa kwetu sioni kamati ya usalama inayopitia maombi ikishawishika na mapenzi ya historia.

Hatua ya pili: polisi kwanza, bei baadaye

Watu wengi huanza na bei. Wanapatana, wanatoa arbuni, ndipo wanauliza kuhusu leseni. Geuza. Usitoe hata shilingi moja ya arbuni kabla ya kuwa na kibali mkononi, kwa sababu maombi yanaweza kukataliwa na muuzaji hatakurudishia kwa furaha.

Sheria inayotumika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Safari ya maombi huanzia chini: serikali ya mtaa au kijiji, kata, kisha polisi wilaya kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na kamati ya ulinzi na usalama, halafu mkoa, hadi makao makuu ya polisi. Kila ngazi inataka kukujua wewe ni nani. Una kesi? Ni mgomvi? Mwenyekiti wa mtaa anakufahamu kama mtu mtulivu au kama yule anayevunja viti baa? Umefundishwa kutumia silaha? Utaihifadhi wapi? Sababu yako ni ipi? Hapo ndipo karatasi ya hatua ya kwanza inapofanya kazi.

Nenda kituoni uulize mahitaji ya sasa na ada za sasa, uandike majibu. Usitegemee alichokuambia mtu aliyepata leseni yake zamani. Na mtu akikuambia ana njia ya mkato ya kuharakisha, mshukuru uondoke.

Sasa kuhusu hilo neno "ya jeshi" linalowavuta watu. Marekani, Ulaya Mashariki ilipofungua maghala yake baada ya vita baridi, waagizaji wenye leseni waliingiza bastola kwa makontena na kuziuzia raia. Tokarev, Makarov na CZ 82 kwa miaka mingi zilipatikana kule kwa dola 200 au pungufu. Kwetu mkondo huo haupo. Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilisaini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, na ndani yake zilikubaliana kwamba silaha ndogo za serikali zilizopitwa na wakati zikusanywe, zihifadhiwe salama na ziteketezwe au ziondolewe kwa uwajibikaji. Ndiyo maana huwa unaona kwenye taarifa ya habari rundo la bunduki likichomwa moto. Jeshi letu haliuzi bastola zake kuukuu kwa raia kama linavyoweza kunadi gari chakavu.

Matokeo yake ni haya. Mtu akikuambia kijiweni Nkuhungu au Chang'ombe kwamba ana "ya jeshi", safi, bei ya kutupa, na hataki maswali mengi, anakuuzia silaha haramu. Inaweza kuwa imevushwa kutoka kwenye vita vya jirani, imeibwa, au imeshaua mtu. Kukutwa nayo ni kosa linaloshtakiwa kama uhujumu uchumi, na hukumu za miaka 20 jela kwa makosa haya si habari ngeni kwenye magazeti yetu. Kusema ulidhani ina karatasi hakutakusaidia kitu. Vilevile usijaribu kuagiza kwa intaneti, si bastola wala spea zake wala risasi. Bila kibali cha kuingiza, mzigo unaishia forodhani na wewe unaishia mahabusu.

Njia halali ni mbili. Ya kwanza ni muuzaji wa silaha mwenye leseni. Ya pili ni mmiliki mwenye leseni anayetaka kuachana na silaha yake, uhamisho ukipita polisi mwanzo hadi mwisho. Ni katika njia hii ya pili ndipo unaweza kukutana na bastola ya asili ya kijeshi kwa bei nafuu: mzee aliyeimiliki kihalali miaka mingi, mkono umeanza kutetemeka, anataka kuimalizia kwa mtu anayemwamini. Hatua zinazofuata ni kwa ajili ya siku hiyo.

Hatua ya tatu: jua unaonyeshwa nini

Bastola hizi hazifanani, na tofauti zake zina maana kwenye kiuno chako.

Tokarev TT-33 ni ya Kirusi, ya mwaka 1933, ikanakiliwa Romania, Poland, Yugoslavia na China, ambako iliitwa Type 54. Nakala za Kichina zimezagaa sana Afrika. Ni nyembamba, imara, haina mambo mengi, na inachukua risasi 8. Tatizo lake ni kwamba ilivyobuniwa haina sefti ya mkono, yaani kizuizi cha usalama. Ina kituo cha nusu tu, yaani nyundo (kipande kinachogonga pini inayowasha risasi) hukaa katikati, na kituo hicho kikichakaa kinaweza kuachia. Zilizoingizwa Marekani zililazimika kuongezewa sefti, na nyingine ziliongezewa kwa ufundi wa hovyo. Tokarev ya asili unaibeba chemba (mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) ikiwa tupu, basi. Kama hilo hulitaki, usiinunue.

Jambo la pili kuhusu Tokarev linahusu majirani. Risasi yake, 7.62×25 (unene wa risasi na urefu wa ganda kwa milimita), ni nyepesi lakini inakwenda zaidi ya mita 400 kwa sekunde, na inapenya sana. Fikiria nyumba zetu: mlango wa plaiwudi, dari ya jipsamu, chumba cha watoto nyuma ya ukuta mmoja, mpangaji upande wa pili. Ukikosa shabaha sebuleni, risasi haitaishia sebuleni. Kwangu sababu hiyo peke yake inatosha kuikataa kwa mtu anayeishi mjini.

Makarov ilianza kutumika 1951. Ni ndogo, ina vipande vichache, nayo ni risasi 8. Sefti yake ni nzuri: ukiipandisha inaishusha nyundo salama na kuizuia. Zile za Ujerumani Mashariki zinasifiwa kwa ufundi, za Bulgaria ni za kazi, na zote zinadumu. Kama ningelazimika kuchagua moja kati ya za zamani, macho yangu yangeangukia hapa au kwa CZ 82 ya Czechoslovakia, inayotumia risasi ya aina ile ile, 9×18, lakini inachukua 12.

CZ 52 nayo inatumia risasi ya Tokarev. Inavutia kwa macho, na ndiyo ninayokushauri uiogope. Wenzo wake wa kushusha nyundo ukichakaa unaweza kuifyatua risasi iliyomo chembani, na pini yake ya asili ni ya chuma kinachokatika ukizoea kubonyeza triga bila risasi. P-64 ya Poland ni ndogo na nzuri kubeba, ila triga yake kwa mvuto wa kwanza ni nzito mno. Mwambie mkeo au mama mwenye vidole vyembamba ajaribu ikiwa tupu ndipo utaelewa. Browning ya 1935 na Walther P38 ni za heshima, zinatumia 9×19 ya kawaida, lakini kwa sababu hizo hizo bei yake haiwi chee.

Hatua ya nne: tafuta risasi kabla ya bastola

Hapa ndipo unafuu unapoyeyuka. Muulize muuzaji mwenye leseni swali moja: kwenye rafu yako una risasi za aina gani leo, na mwaka jana ulikuwa nazo? Sikiliza jibu kuhusu 9×18 na 7.62×25. Halafu uliza kuhusu 9×19.

Usidanganyike na namba 9. Risasi ya Makarov na ile ya 9×19 ya kawaida huitwa zote "tisa", lakini ganda la Makarov ni fupi zaidi na kichwa chake ni kinene zaidi, milimita 9.27 dhidi ya takriban 9.02. Haziingiliani. Kulazimisha risasi isiyo yake ni kuharibu bastola, vidole, au vyote viwili.

Hata Marekani kwenyewe mambo yamebadilika. Risasi za ghala za bei ya kutupa ziliisha, na mwaka 2021 serikali yao ilisimamisha vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, ambazo ndizo zilikuwa nafuu kwa silaha hizi. Bastola ya dola 200 ikawa inalishwa risasi ghali kuliko ya kisasa. Kwako Dodoma, ambako risasi unanunua kwa leseni na kwa idadi inayodhibitiwa, bastola yenye risasi adimu ni kipande cha chuma chenye karatasi nyingi.

Na risasi za zamani zina jambo lingine. Nyingi za kijeshi za Ulaya Mashariki zina kiwashio kinachoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi inavuta unyevu na kuleta kutu. Mafuta hayaiondoi; maji ndiyo yanaiondoa. Baada ya kufyatua risasi za namna hiyo, mtutu huoshwa kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, ukakaushwa kabisa, ndipo ukapakwa mafuta kidogo. Ukame wetu unasaidia, ila kuanzia Desemba mvua zikinyesha kutu nayo inafanya kazi. Kiangazi adui ni vumbi: mafuta mengi yananasa vumbi na kutengeneza uji unaosaga chuma. Pangusa hadi ubaki ule ute mwembamba tu.

Kama muuzaji hana risasi ya uhakika, rudisha hela mfukoni hapa.

Hatua ya tano: ikague, mbele ya mtu anayejua

Usiikague peke yako wala kwenye gari lililoegeshwa. Ifanyike kwa muuzaji mwenye leseni au mahali polisi walipokubali, na fundi silaha akiwepo kama anapatikana.

Kwanza kabisa, toa magazini, kile kibebeo cha risasi. Kisha vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nyuma, angalia chembani, na ingiza kidole uhakikishe. Mpangilio ni huo. Ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani unakuwa umeingiza risasi nyingine. Mtutu uelekee mahali pasipo na mtu muda wote, kidole kikae nje ya triga. Muuzaji akikukabidhi bastola bila kufanya hivyo mbele yako, umeshajua ni mtu wa namna gani.

Soma namba. Fremu (mwili wa bastola), slaidi na mtutu kwa kawaida hubeba namba zinazolingana kwenye silaha iliyotoka kiwandani ikiwa kamili. Zikitofautiana, imeunganishwa vipande. Inaweza kufanya kazi, lakini bei ishuke. Namba ya fremu ni lazima ifanane na ya kwenye leseni, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa imesuguliwa au kugongwa upya, weka mezani, usiiguse tena, toa taarifa.

Tazama ndani ya mtutu ukiwa na tochi, bastola ikiwa imefunguliwa. Mistari ya ndani iwe na kingo. Vishimo vichache vya kutu ya zamani vinavumilika. Pete au uvimbe, yaani mahali ambapo mtutu umetanuka, haivumiliki hata kidogo, maana ni alama kwamba risasi iliwahi kukwama ndani na nyingine ikaifuata. Pangusa slaidi kwa kitambaa kikavu, utafute nyufa kwenye dirisha la kutolea maganda na kwenye kona. Ufa hauzibwi.

Magazini ndiyo chanzo cha kukwama kwingi. Midomo yake isiwe imepinda, springi isukume hadi mwisho, ikae bila kuchezacheza. Uliza kama zipo mbili za asili. Springi ya slaidi nayo huchoka kwa miaka. Slaidi ikirudi kwa uvivu ukiiachia, ihesabu kuwa ya kubadilishwa. Kumbuka spea za silaha haziagizwi kiholela, kwa hiyo uliza muuzaji kama anaweza kuzipata kihalali kabla hujasema "nitabadilisha tu".

Baada ya hapo jaribu nyundo, bastola ikiwa tupu na umeshahakikisha tena. Inua nyundo, isukume kwa kidole gumba kwa nguvu kiasi bila kugusa triga. Ikianguka, achana nayo. Kwa bastola zenye wenzo wa kushusha nyundo, kuna jaribio zuri la penseli: elekeza mtutu juu, tumbukiza penseli ndani upande wa kifutio ukiwa chini, kisha shusha nyundo kwa wenzo. Penseli ikiruka, pini imegongwa, na siku kukiwa na risasi chembani itafyatuka. Rudia mara kadhaa. Jaribio hilo kwa CZ 52 ndilo lililowafanya wengi waiache.

Mwisho omba ifyatuliwe mahali palipoidhinishwa, na uone maganda yanavyotoka. Muuzaji akisema haiwezekani kabisa kuifyatua, unanunua mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya sita: hesabu ya kweli

Siweki bei hapa kwa sababu zinabadilika, ila safu zako ziwe hizi: bei ya bastola, ada za maombi na leseni, nauli na siku za kufuatilia, mafunzo, sefu, kifuko cha kubebea, risasi za mazoezi, risasi za kukaa nazo, matengenezo, magazini ya ziada. Andika hesabu hiyo mara mbili, moja kwa bastola ya zamani, nyingine kwa bastola mpya ya 9×19 ya kiwanda kinachoeleweka.

Utaona ada, sefu, mafunzo na nauli ni zile zile kwa zote mbili. Tofauti inabaki kwenye bei ya kununulia tu, na risasi adimu zinaila taratibu. Kwa mtu anayetaka silaha ya kumlinda, ninaona ile mpya inashinda karibu kila mara. Ya zamani inashinda tu ikiwa ni 9×19, au ikiwa muuzaji ana risasi yake siku zote, hali yake ni njema, na anayeiuza unamfahamu. Vyote vitatu ni nadra kukutana.

Mazoezi usiyakate. Bastola isiyofanyiwa mazoezi ni hatari kwanza kwa mwenyewe. Uliza polisi na muuzaji ni wapi utaruhusiwa kufyatua na chini ya nani. Kwenda korongoni nje ya Ihumwa kujaribu na rafiki hakuruhusiwi.

Hatua ya saba: itakaa wapi saa ishirini na nne

Hili watu hulifikiria mwisho, na kwa mkazi wa Dodoma lilipaswa kuwa la pili. Siku yako ya kawaida inapita benki, mahakamani, ofisi za Mji wa Serikali Mtumba, pengine bungeni, pengine hospitali na shule ya watoto. Kokote huko huingii na bastola. Utaiacha wapi? Kwenye gari ndilo jibu rahisi, na gari ndilo linalovunjwa kioo. Ukikosa jibu la kuridhisha, maana yake silaha itashinda nyumbani siku nyingi, na ile sababu ya kubeba hela njiani imeanguka. Rudi kwenye karatasi.

Nyumbani, sefu ifungwe kwa bolti kwenye ukuta wa zege au sakafu. Funguo uwe nao wewe, usiutundike nyuma ya mlango wala usiuweke juu ya kabati ambako kila mtoto wa Kitanzania anajua pa kutafuta. Kama kuna vijana, wageni wa msimu wa Bunge, au dada wa kazi anayebadilika kila baada ya miezi, usimwambie mtu kilichomo. Ongea na mwenzi wako kwa uwazi kabla ya maombi. Kama nyumbani kuna ugomvi unaofika kupigana, kama kuna mtu anayepitia sonona au aliyewahi kutaka kujidhuru, au kama wewe mwenyewe unakunywa kila jioni, jibu la mwongozo huu mzima ni hapana, hata kama kamati imekubali.

Ikipotea au kuibwa, toa taarifa polisi saa hiyo hiyo. Pia uwe tayari kwa uhakiki. Mwaka 2016 wamiliki walitakiwa kupeleka silaha zao kuhakikiwa, na waliokuwa na nyaraka zao mahali pamoja walimaliza mapema.

Kama bastola ilikukuta yenyewe

Kuna wasomaji ambao hawanunui kitu. Baba amefariki, mnapanga vitu vyake Kondoa au Mpwapwa, na chini ya sanduku mnakuta bastola kwenye soksi. Huenda ilikuwa na leseni, huenda aliibeba tangu utumishi wake wa zamani, hakuna ajuaye. Msigawane kama shamba. Asiichukue mtoto mkubwa "aitunze kwanza". Msiifyatue kuona kama inafanya kazi. Iacheni mlipoikuta, fungeni chumba, pigieni kituo cha polisi cha karibu au mwendeeni mwenyekiti wa kijiji awasindikize, na waulizeni waje wenyewe au iletwe vipi. Tafuteni leseni kwenye makaratasi ya marehemu, hata iliyokwisha muda. Wakiichukua, msiondoke bila maandishi yenye namba ya silaha, idadi ya risasi, tarehe, na jina la askari aliyepokea. Msimamizi wa mirathi aweke nakala. Mwenye nia ya kuimiliki ataomba leseni yake mwenyewe kuanzia hatua ya kwanza, ikiwa bado ipo mikononi mwa polisi. Na kama ilikuwa haina karatasi kabisa, Serikali imekuwa ikitangaza mara kwa mara vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Muulizeni OCD kama kipindi kama hicho kipo, lakini msikae nayo ndani mkikisubiri.